Fundi Saa Aliyepima Unabii

Shemeji yangu hajawahi kumwamini mtu aliyeleta saa. Nasema hajawahi, na nimekaa naye nyumba moja tangu nilipomaliza kujifunza ushonaji, kwa hiyo msinibishie. Mteja anafika dirishani, anaweka saa mezani, anasema, "Fundi, imesimama yenyewe tu." Shemeji anautazama uso wa mtu kwanza, saa baadaye. "Haijaingia maji?" "Hapana, fundi." "Haijaanguka?" "Haijaanguka kabisa." Basi anakibana kile kioo chake cheusi kwenye jicho la kulia, anabandua mfuniko wa nyuma, na ndani kutu tupu. Hapo ananiita mimi kutoka chumba cha nyuma ninakoshona sare za shule. "Shemeji, hebu njoo uone saa isiyoingia maji!" Mteja anatazama viatu vyake. Dada yangu anapaza sauti kutoka jikoni, "Fundi, mwachie mwenzio." Hata mkewe alimwita fundi, na mtaa mzima ulimwita Fundi Saa.

Mtu akidanganywa mchana kutwa na watu waliovaa vizuri, lazima kitu kimwingie. Sukari ikipungua, anauliza nani kapika chai. Jirani akitusalimia asubuhi na jioni, anasema, "Huyu anataka kitu, ngojeni." Dada akichelewa sokoni, anaulizwa alipita njia gani, akajibu, kisha anaulizwa kwa nini akapita hiyo. Mimi nilikuwa namjibu ovyo. Dada alikuwa anacheka. Aliniambia, "Mdogo wangu, huyu ndivyo alivyo, mzoee."

Na alikuwa na haki ya kucheka, maana mwanamume huyo alimpenda, tena sana. Akinunua machungwa aliyamenya mwenyewe, akatoa mbegu moja moja kwa kibano chake cha saa, ndipo akampa sahani. Hawakujaliwa mtoto. Ndugu zake walipoanza kunong'ona juu ya mke wa pili, aliwafukuza kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Kwa hiyo mnielewe: mapenzi yalikuwepo, tele. Shida ni kwamba yalikaa chumba kimoja na ile shaka yake, na shaka ndiyo iliyokuwa ikifungua mlango watu wakibisha hodi.

Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, na cheo hicho alikipata kwa ajili ya nabii mmoja mgeni. Mnaijua aina yake: suti nyeupe, leso mkononi, anaita watu mbele na kuwasomea maisha yao. Siku hiyo alimwita shemeji, akafumba macho, akasema, "Naona watoto wako wawili wakivuka bahari!" Kanisa zima likanyamaza, kwa sababu kanisa zima lilijua. Shemeji hakupandisha sauti. Akasema, "Nabii, wape salamu zangu, maana mimi sijawahi kuwaona." Watu walivunjika mbavu, na mgeni yule hakuonekana tena. Lakini dada alilia, jamani. Alijifungia chumbani akalia kama mtu aliyefiwa, na shemeji alikaa nje ya mlango kwenye kigoda.

Baada ya hapo akaleta utaratibu mpya, na wazee wakaukubali. Mtu yeyote akitoa neno la unabii linalomtaja mtu, basi Jumamosi ya mwisho wa mwezi neno hilo liletwe mbele ya wazee lipimwe. Aliyelitoa aulizwe, na aliyetajwa awepo. Mimi niliona ni jambo zuri, na mpaka leo naona ni zuri. Tumechoka kumezeshwa mambo kwa jina la Mungu.

Sasa Mama Pasi. Huyu alikuwa dobi wa mtaa, mjane, mwenye chumba cha kona na meza ndefu iliyofunikwa blanketi lililoungua hapa na pale. Nguo za kila nyumba alizitia alama ya uzi kwenye upindo, na uzi wetu ulikuwa wa kijani. Kitu kimoja tu kilichomtofautisha na madobi wengine: alikuwa akipiga pasi huku anaomba, kwa sauti, na anamwombea mwenye nguo. Ukipita dirishani ungemsikia, "Baba, mkumbuke mwenye suruali hii." Watoto walimwigiza. Na mara mojamoja, kwenye kikundi cha maombi, alisimama akamwambia mtu neno. Mwalimu wa watoto aliambiwa aende kwao akamwone baba yake, akaenda, akamkuta mzee kitandani hana wa kumpa maji. Watu wakasema mama yule ana karama. Shemeji akasema, "Ana masikio makubwa, hiyo ndiyo karama yake."

Mimi? Mimi sikuwa na upande. Nilimwona mama mwema, lakini nikajiuliza kama shemeji: anajuaje?

Alhamisi moja alasiri kikundi kilikutana sebuleni kwetu. Tulikuwa tumemaliza kuomba, dada amekwenda jikoni kuleta chai, mara Mama Pasi akasimama. Alikuwa amekunja mikono yake yenye makovu ya pasi, na uso wake haukuwa na raha hata kidogo.

"Fundi," akasema, "Bwana ananisukuma nikuambie, na nimemkatalia vya kutosha. Mke wako anaumwa, na anakuficha. Usimgombeze. Mpeleke hospitali."

Loo! Saa zote za ukutani zikasikika, kila moja na mwendo wake. Shemeji akauliza taratibu, "Nani kakuambia?" Mama Pasi akarudia, "Bwana ananisukuma." Wakati huohuo dada akaingia na sinia la vikombe.

"Bibie," shemeji akasema mbele ya wote, "unaumwa?"

"Mimi?" Vikombe viligongana. "Nani kasema? Mimi mzima kabisa, namshukuru Mungu."

Sasa mnaona mambo yalivyokaa. Kama Mama Pasi alisema kweli, basi dada yangu alikuwa anaisha mbele ya macho yetu, na kila siku iliyopita ilimla. Kama aliongopa, basi alikuwa amelishika jina la Mungu kumtisha mwanamke aliyekwisha kuumizwa hivyohivyo na yule wa suti nyeupe. Njia ya katikati haikuwepo. Na mwenye kuchagua alikuwa shemeji, kwa sababu dada bila neno la mumewe hakwenda hospitali, hata kwa jino. Mama yetu aliingia hospitali kwa miguu yake akatolewa amebebwa. Tangu siku hiyo dada alikuwa anaizunguka ile barabara ya hospitali.

Shemeji akachagua kuchunguza. Ndiyo, kuchunguza! Angeweza kumshika mkono wakaenda, wakapima, yakaisha. Lakini mtu aliyemtazama mkewe akisema "mzima kabisa" alikuwa ni fundi saa, na fundi saa akiambiwa "haijaingia maji" anajua anadanganywa. Uongo aliuona, hilo hakulikosa. Alichokosa ni kujua uongo wenyewe ulifunika nini.

Akaanza kukusanya. Dada alikuwa na tabia mpya ya kutoka uani mara kwa mara, na simu mkononi, anakaa huko nyuma ya tangi la maji. Shemeji akasema, "Anaongea na nani?" Alikuwa ananunua pipi za mnanaa, mfukoni hazimwishi. "Anamnukia nani vizuri?" Alikuwa amehamia kulala kwenye kochi la sebuleni, eti chumbani joto. "Tangu lini chumba chetu kikawa na joto?" Na alikuwa anakonda. Hilo nilikuwa nalijua vizuri, maana mimi ndiye niliyekuwa nazibana gauni zake kiunoni. Nilipomuuliza aliniambia, "Nafunga na kuomba, usimwambie mtu." Mtu akikuambia anafunga, utamwambia nini? Nikabana gauni nikanyamaza.

Jioni moja shemeji alinishushia hesabu yake yote, ameweka kioo chini, anahesabu kwa vidole. Mama Pasi na dada wamekula njama. Kwanza linakuja neno la kutisha. Kisha dada anaanza kwenda kuombewa. Kisha yanaletwa mafuta. Mwishoni yule nabii wa suti nyeupe anarudi mlango wa nyuma, kwa ahadi ya mtoto.

"Na pipi za mnanaa?" nikamuuliza. "Nazo ni za nabii?"

"Shemeji, wewe cheka tu. Utaniambia."

Akampiga dada marufuku kwenda kwa Mama Pasi. Nguo za kufua nizipeleke mimi. Na hapo ndipo nami nilipoanza kuingiwa na wasiwasi, tena mkubwa. Kwa sababu furushi letu halikuwa moja, yalikuwa mawili. Moja la nguo zote, na jingine dogo, foronya peke yake, limefungwa kwa kitambaa cha kichwa, mafundo juu ya mafundo. Dada alinipa mkononi akasema, "Hili usilifungue. Mpe mwenyewe, siyo kuweka mezani."

"Foronya zina nini?"

"Zina yasiyokuhusu. Acha umbea, nenda."

Nilitaka kulifungua, haki ya Mungu nilitaka, lakini alisimama mlangoni ananitazama mpaka nikakata kona. Nililinusa tu. Lilinuka sabuni na chumvi. Sasa mimi ni fundi cherehani, najua chumvi inawekwa kwenye kitambaa ili rangi isitoke, na nikajiambia labda ni hivyo. Mama Pasi alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka chini ya meza, wala hakuniangalia.

Shemeji naye akatega mtego wake. Ana droo ya saa ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Alichagua saa ndogo ya kike, ya rangi ya dhahabu, akaitumbukiza kwenye mfuko wa suruali yake na kuniambia nipeleke suruali hiyo kwa dobi. "Alhamisi," akasema, "utamsikia: 'Bwana ananionyesha mzee mmoja ana mwanamke wa nje.' Na hapo nitamkamata."

Alhamisi ikafika. Shemeji alikaa wima kwenye kiti, macho makavu, anamngoja. Nyimbo zikaisha, maombi yakaisha, Mama Pasi hakufungua mdomo. Watu walipokuwa wanatoka, akamsogelea shemeji pale mlangoni, akamwekea kiganjani karatasi iliyosokotwa, ndani ile saa.

"Fundi, hii ilisahaulika mfukoni. Ingeingia maji."

Basi tu. Hakuuliza ya nani, hakumkonyeza mtu. Mtu mwingine angetahayari. Shemeji yangu alinivuta kando macho yanawaka. "Umeona? Anapekua mifuko!"

"Dobi asiyepekua mifuko atakufulia mpaka kitambulisho chako," nikamwambia. "Na mbona hakutoa unabii?"

"Kwa sababu amenishtukia. Mwanamke yule ni hodari kuliko nilivyodhani."

Mnaona mtu huyu? Akisema, ni mwongo. Asiposema, ni mwongo hodari! Nilichoka. Nikamwambia ampeleke dada hospitali waumalize ubishi, akaniambia, "Nikimpeleka, yule mwanamke ameshinda. Kesho atawapeleka wote anakotaka." Na hapo, nawaambia kweli, nilimchukia.

Jumamosi ya kupima neno tulikutana kwenye chumba kidogo nyuma ya kanisa, kule zinakowekwa ngoma za kwaya na viti vilivyovunjika. Mchungaji alikaa kwenye kona ya meza. Kulikuwa na Babu Kengele, mzee wa kanisa mkongwe kuliko wote, aliyepigia kanisa hilo kengele toka mimi sijazaliwa. Mama Pasi alikaa peke yake kwenye kiti cha plastiki katikati. Dada aliitwa kama aliyetajwa, ili aseme mbele ya wazee kwamba ni mzima. Mimi sikuitwa, nilijipenyeza tu, nikakaa ubavuni kwa dada. Alikuwa na pipi mdomoni, na ameishika leso utadhani itakimbia.

Babu Kengele alianza kwa kukohoa kizee na kusema yake ya siku zote: Mungu alikwisha kusema, maneno yake yako kwenye Maandiko, kitabu kimefungwa, anayedai kuambiwa jipya amelala njaa. "Siku hizi anayesema kila siku ni redio," akasema.

Mchungaji akatabasamu. "Mzee, mimi naamini bado anasema. Ila naamini pia kwamba watu wanamsemea sana. Ndiyo maana tunapima. Na Maandiko hayakutuambia tu tupime. Kabla hayajafika kwenye unabii yametuambia kwanza habari za upendo, kwamba bila huo ni kelele tu. Kwa hiyo mimi nitauliza, neno hili limesemwa kwa kumpenda nani?"

"Mchungaji, hayo yatakuja," shemeji akasema. Alikuwa amesimama. "Swali ni moja. Amejuaje?" Akamgeukia Mama Pasi. "Mama, ulisema mke wangu anaumwa. Umejuaje?"

"Nimeomba, nikasukumwa kusema."

"Sijauliza umesukumwaje. Umejuaje?"

Kijasho chembamba kilikuwa kimemtoka Mama Pasi juu ya mdomo. "Siwezi kusema, fundi. Nimeahidi."

"Umemwahidi nani? Mungu?"

"Mtu."

"Kumbe kuna mtu!" Shemeji akapiga kofi la furaha. "Wazee, andikeni moyoni: kuna mtu!"

Mchungaji hakufurahi. Akamwambia yule mama kwa upole, lakini upole wenye mfupa ndani, "Mama, hili ni zito. Ulisema mbele za watu kwamba Bwana anakusukuma. Kama kuna mtu aliyekuletea habari, na wewe ukamvika Bwana maneno ya mtu, siwezi kukuacha uendelee kwenye kikundi. Tena nitalazimika kuwatangazia watu wasilisikilize neno lako lolote, pamoja na hili."

Pamoja na hili. Nilimhisi dada akishusha pumzi pale pembeni yangu, na sikuielewa. Kwa nini ashushe pumzi kama aliyetua mzigo? Nilimtazama. Alikuwa anaitazama sakafu. Mama Pasi naye alikuwa anamtazama yeye. Alimtazama mpaka ikawa dhahiri kwa kila mwenye macho kwamba anamwomba ruhusa. Dada akatikisa kichwa kidogo. Hapana.

"Nisamehe, mwanangu," Mama Pasi akamwambia. Kisha akaugeukia uso wa mchungaji. "Hakuna mtu aliyeniletea habari. Niliona kwa macho yangu. Niliona kwenye foronya."

"Foronya?" Mchungaji akauliza.

"Zinakuja zimeshafuliwa. Zimelowekwa maji baridi na chumvi, ni safi, ukizitazama huoni kitu. Lakini damu ikibaki kidogo kwenye uzi, pasi ya moto inaiita. Nilipitisha pasi likaja doa la kahawia, hapa mdomo unapolala. Nikadhani pua. Furushi lililofuata, madoa zaidi. Nikamuuliza, akaniangukia miguuni nisimwambie mtu, mume wake wala mdogo wake. Nikaahidi. Ndipo kila nikipiga magoti kuomba kitu kingine, maneno hayatoki. Nikiombea mvua, naziona foronya. Nikiombea watoto, naziona. Nilikaa hivyo mpaka nikaogopa. Mchungaji, mimi sijawahi kusikia sauti. Sijui wengine wanasikiaje. Mimi naona kitu kwenye nguo za watu, namwombea mwenye nguo, na nikikatazwa kunyamaza nasema aliyenikataza ni Bwana. Kama ni kosa, nimekosa."

Lakini shemeji! Shemeji alikuwa ameshinda kesi yake. Uso ulimng'aa. Ndivyo anavyong'aa akiikuta kutu.

"Mmesikia!" akasema. "Mmesikia kwa masikio yenu! Wala siyo Mungu! Ni foronya! Nilisema mimi, nilisema toka mwanzo, mwanamke huyu hakuonyeshwa kitu, ameona damu kwenye foronya akaja kutuambia..."

"Foronya za nani, fundi?" Babu Kengele akauliza.

Aliuliza hivihivi tu, kama mzee anayetaka kufuata mazungumzo.

"Za kwetu," shemeji akajibu, bado anatabasamu.

Niliona tabasamu lilivyobaki usoni peke yake, mwenyewe ameshaondoka. Akageuka. Akamtazama mkewe, na nadhani ndiyo mara ya kwanza baada ya siku nyingi alimtazama bila kumtafuta kosa. Gauni nililolibana na kulibana tena. Leso. Pipi ya mnanaa shavuni. Vyote alikuwa ameshaviona, kimoja kimoja, hakukosa hata kimoja, na vyote alivipeleka kwenye kesi ya usaliti. Dada akataka kusema neno, kikohozi kikamwahi. Alikizuia, akakizuia, kisha kikamshinda, akainama juu ya leso mpaka nikamshika mabega. Alipoinua uso, leso ilikuwa nyekundu, na kuificha hakukuwa na maana tena.

"Kwa nini hukuniambia?" shemeji akasema. Sauti ilikuwa ndogo sana.

"Ungeniuliza nimeutoa wapi," dada akamjibu. "Ungeniuliza nilikaa na nani mpaka nikaupata. Fundi, sikuwa na pumzi ya kujibu."

Nililia palepale, sioni aibu kusema. Mchungaji alikuwa amefunika uso kwa kiganja. Shemeji alisimama akifungua mdomo na kufunga, na sote tulimjua, tulijua maswali yanavyompanda: tangu lini, wapi, mara ngapi. Hakuuliza hata moja. Aliokota mkoba wa dada uliokuwa umeanguka, akaukung'uta vumbi, akasema, "Twende." Kisha akamgeukia yule mama wa kiti cha plastiki. "Na wewe, mama. Tafadhali."

Hospitalini, mapokezi, nesi alikuwa na haraka zake. Alimkalisha dada kwenye kiti cha magurudumu, akatuuliza sisi, maana mgonjwa alikuwa hawezi kuunga maneno. Anakohoa tangu lini? Damu ilianza lini? Ni nyekundu au nyeusi? Anatoka jasho usiku? Anakula? Shemeji yangu, mtu anayejua saa ya kila mtu mtaani imechelewa kwa kiasi gani, alisimama pale kama gogo.

"Jamani," nesi akasema, "nani hapa anayemjua huyu mgonjwa?"

Shemeji akamshika Mama Pasi kiwiko, akamsogeza mbele.

"Huyu," akasema. "Mimi ni mume wake tu."

Ulikuwa kifua kikuu, na ulikuwa umeshakaa sana. Daktari alisema dawa zipo na zinaponya, lakini akasema pia kwamba sehemu ya pafu moja imekwenda na hairudi, na kwamba tungeendelea kuchelewa angekuwa anatupa pole badala ya dawa. Mimi na shemeji tulipimwa, tukakutwa salama. Dada alirudi kwenye kwaya yake ya kanisa, ila anaimba akiwa amekaa, na noti za juu anawaachia wengine. Zamani noti hizo zilikuwa zake.

Mama Pasi aliachwa aendelee kwenye kikundi. Mchungaji alimwambia jambo moja tu, kwamba siku nyingine akiona doa aseme ameona doa, na akisukumwa kulisema aseme hilo nalo, asichanganye mawili. Akakubali. Babu Kengele bado anasema kitabu kimefungwa, ila nguo zake siku hizi anampelekea yeye, na anaweka mwenyewe uzi mwekundu wa alama.

Na shemeji? Msidhani amebadilika. Wateja bado wanaitiwa kutu yao, na mimi bado naitwa kushuhudia. Lakini foronya za nyumba yetu hazitoki tena nje. Anazifua yeye mwenyewe uani, kwa maji baridi, anazipiga pasi yeye mwenyewe, vibaya, mikunjo imekwenda kila upande. Pasi ikishapita, anakibana kile kioo chake cheusi kwenye jicho la kulia na kuinama juu ya kitambaa, pale mdomo unapolala, uzi baada ya uzi. Dada humwambia, "Fundi, daktari ameshasema nimepona." Yeye hajibu mpaka amalize. Akikuta ni nyeupe, anasema "Asante," kwa sauti ya chini, wala hamtazami mtu. Kisha anachukua foronya nyingine.